Kalenga Alikuwa Ndani ya Mabano

Wanangu, kila mtu aliyestaafu ana kisa kimoja anachokirudia mpaka wajukuu wanaanza kutoka nje mmoja mmoja. Changu ni hiki, na nawaambia mapema kwamba kinaishia vizuri, tena vizuri sana, kwa hiyo atakayetoka nje atajilaumu mwenyewe. Kinahusu mabano. Ndiyo, hizo alama mbili, ( na ), ambazo wengi wenu mnazipita bila hata kuzisalimia.

Nilikuwa mwandishi wa programu katika ofisi ya malori hapa Lubumbashi. Kila mtu aliniita Maman Astrid, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa geti. Watu wa nje walipouliza kazi yangu nilisema natengeneza kompyuta, maana nikisema naandika JavaScript walidhani ni dini mpya. Malori yetu yalikuwa yanapeleka shaba Zambia na kurudi na saruji, unga, na vitu vingine. Mara nyingi yalipitia Sakania, pale mpaka wa Kasumbalesa unapojaa.

Mwenye malori yote hayo, kwa maana ya kuyachunga, alikuwa chef Trésor. Mtu mkubwa, sauti kubwa, macho madogo. Madereva walikuwa na kundi lao kwenye simu, na yeye ndiye aliyelisoma siku nzima akiandika kwa chaki ubaoni: nani yuko wapi, gari la nani limeharibika. Asubuhi moja aliingia chumbani kwangu akaweka simu yake mezani mbele yangu kama mtu anayerudisha nyama iliyooza.

«Maman Astrid, macho yangu inaisha. Mu hii group bantu beko banaomba Mungu, beko banachekesha, beko banatuma mahubiri ya saa nzima, kisha mu katikati njo unasikia gari ilikufa. Utanisaidia je?»

Nikamwambia aniitie madereva walioko mjini. Hili lishikeni, ninyi mnaokimbilia kuandika kabla ya kuuliza: usimtungie mtu alama ambayo kidole chake hakiitaki. Tulikutana uwanjani kati ya malori. Nikawaambia, mimi sitaki kuwazuia kuomba wala kucheka, nataka tu kujua neno la kazi linaanzia wapi na kuishia wapi. Mmoja akataka vinyota, mwingine akataka kila kitu kwa herufi kubwa. Ndipo Kalenga akasimama. Alikuwa dereva wa siku nyingi, mwembamba, mpole, anayevaa koti hata kukiwa na joto.

«Tuweke kazi mu parenthèse,» akasema, «masolo yote ibakie inje. Jina, fasi, hali ya gari. Basi.»

Wakapiga makofi, na tangu siku hiyo ujumbe wa kazi ukawa hivi: (Kalenga, Sakania, gari nzima). Salamu, sala na utani vikabaki nje. Kazi yangu ikawa moja tu, kuchukua maandishi yote ya kundi na kutoa kilichomo kati ya bano la kufungua na bano la kufunga. Nikadhani nitamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Jaribio la kwanza, msicheke, niliandika hivi:

/(.*)/

Nukta ni herufi yoyote, kinyota ni mara nyingi kadiri iwezekanavyo, na nimeweka mabano yangu pembeni. Ikaniletea kundi zima, mahubiri pamoja na sala. Kwa nini? Kwa sababu katika regex, yaani alama hizi za kutafutia maandishi, mabano yana kazi yake: yanafunga sehemu unayotaka kuishika. Ukitaka yaonekane kama mabano ya kawaida, yale yaliyoandikwa na dereva, lazima uyatangulizie mkwaju wa kinyumenyume. Basi nikaandika:

/\((.*)\)/

Sasa kuna mabano ya aina mbili. Yenye mkwaju ni ya dereva, yasiyo na mkwaju ni yangu, ya kushikia. Nikaona nimeshinda. Lakini madereva wetu wana tabia ya kushuka mstari katikati ya neno, na nukta haivuki mstari. Kwa hiyo tangu mwanzo nilikuwa nimeunganisha mistari yote kuwa mmoja mrefu. Nikaendesha programu, chef Trésor amesimama nyuma ya kiti changu. Likatokea gari moja tu. Akainama akasoma kwa sauti, polepole.

«Maman, ni gari gani hii inabeba shaba, na ciment, na samaki ya Kasenga, na maombi ya maman pasteur, na eko inatoboka pneu mu Likasi na mu Sakania kwa saa ileile?»

Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Kile kinyota ni mlafi, wanangu. Ukimwambia achukue mpaka bano la kufunga, hasimami kwenye la kwanza analokutana nalo, anakwenda hadi la mwisho kabisa na kumeza yote yaliyo katikati. Dawa yake ni alama ndogo ya kuuliza inayowekwa nyuma yake:

/\((.*?)\)/g

Hapo anakuwa na adabu, anachukua kidogo iwezekanavyo na kusimama kwenye bano la kwanza la kufunga. Ile g mwishoni inamwambia asirudi nyumbani baada ya kupata kimoja, aendelee mpaka maandishi yaishe. Ukitumia matchAll, kila alichopata kinakuja na vyumba viwili: m[0] ni pamoja na mabano yenyewe, m[1] ni cha ndani tu. Chukua m[1]. Nimeona vijana wenye diploma nzuri wakichukua m[0] kisha wakahangaika kukata mabano kwa mkono, herufi moja mbele, herufi moja nyuma. Kazi imeshafanyika, nyie mnafua nguo safi.

Siku ile skrini ilijaa. Kila dereva mstari wake, jina, mahali, hali. Chef Trésor aliuangalia ubao wake wa chaki, akachukua kitambaa, akaufuta wote. Kisha akatuma mtu kununua sucré za baridi kwa ofisi nzima. Sijawahi kupewa medali, lakini ile chupa ya Fanta naihesabu.

Visa vidogo havikukosa. Kulikuwa na wakala mmoja wa forodha aliyependa kuchora uso wa kucheka kwa nukta mbili na bano la kufunga. Kila akicheka katikati ya ripoti, programu ilimkata. Ilibidi niwe nafuta vicheko vyake kwanza, ndipo nitafute mabano. Alipojua alikasirika, akasema namnyima furaha. Nikamwambia furaha yake iko salama, nimeihamisha tu.

Basi tukakaa hivyo kwa raha, na raha ile ndiyo iliyotuponza kidogo. Kwa kuwa skrini ilikuwa inasema kila kitu, hakuna mtu ofisini aliyesoma kundi tena. Chef Trésor alijivuna kabisa kwamba simu yake sasa ni ya kumpigia mke wake. Sala ziliendelea huko ndani, mahubiri yakaendelea, sisi tukawa tunatazama mistari yetu mizuri.

Kisha Kalenga akapotea.

Mstari wake ulisema Sakania, foleni ya mpaka. Ukabaki hivyo. Jana yake ulikuwa hivyo, kesho yake ukawa hivyo. Simu yake haikupokelewa, baadaye haikuita kabisa. Chef Trésor akafikiri amevuka na kuendelea na mambo yake huko Zambia, mahali ambapo laini yetu haishiki. Akawapigia watu wa upande wa pili, wakazunguka kwenye maegesho yao, hawakumwona. Wakala wetu wa Sakania naye alilitafuta gari lake bila kulipata, maana lilikuwa limeegeshwa penye mamia ya malori, na nyote mnajua foleni ile inavyokuwa: dereva mmoja anasogeza gari la mwenzake, na hakuna anayeuliza mwenyewe kaenda wapi.

Mke wake, Maman Georgette, ni fundi wa kushona kule Kamalondo. Alikuja ofisini na utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Hakukaa kwenye kiti tulichompa. Alisimama mbele ya skrini yangu akaitazama kama anamtazama mtu anayejua na hataki kusema.

«Maman Astrid, bwana yangu alitoka hapa na homa. Nilimukatalia, akasema safari haingoje. Banasema masini yenu inajua bantu bote kwenye beko. Ye eko wapi?»

Nikaogopa, nasema wazi. Kulikuwa na malaria mbaya mwaka ule, na mtu wa homa peke yake kwenye foleni ya malori anaweza kufa bila jirani kujua. Nikamwonyesha ule mstari, Sakania, foleni. Akasema huo ameshaambiwa.

Najua mnachotaka kuniuliza. Mama, si ungetafuta tu jina lake kwenye kundi? Nilitafuta. Tangu habari za kupotea kwake zienee, kila mtu alikuwa ameandika Kalenga. Kalenga Mungu akulinde. Kalenga yuko wapi jamani. Kalenga ameonekana Ndola, hapana si yeye. Kalenga, Kalenga, kurasa kwa kurasa, na uvumi ukizaa uvumi. Nikapanda na kushuka kwenye maneno yale mpaka macho yakaniuma kama ya chef Trésor, na Maman Georgette amesimama palepale nyuma yangu, anapumua.

Nikamgeukia nikamwuliza, zaidi ili nipumzike kuliko kitu kingine: akiwa safarini, mama, anakuwa anawasilianaje na wewe?

«Simu yake betri iko mubaya, ilishakuwa mubaya zamani. Ye anatumaka salamu mu simu ya benzake. Nikiona numéro ya Ilunga, nafungua: Ilunga anasalimia, kisha mu katikati ya salamu ya Ilunga njo naikuta yake.»

Mu katikati ya salamu ya Ilunga. Wanangu, nilisimama kitini.

Kwa sababu hii tabia niliijua, niliijua kuliko mtu yeyote ofisini. Kabla ya kompyuta nilifanya kazi kwenye phonie, ile redio ya sauti iliyokuwa inaunganisha vituo vya mbali enzi ambazo simu haikufika. Aliyenifundisha alikuwa Papa Delphin, mwenye masikio makubwa na uvumilivu mdogo. Kituo kisichosikika kilimpa maneno yake jirani yake, na jirani akayaingiza katikati ya maneno yake mwenyewe, kisha akamaliza ya kwake. Mimi mgeni nilikuwa naandika yote kwa mfululizo, na habari za watu wawili zikawa za mtu mmoja. Papa Delphin alininyang'anya kalamu.

«Anza na ile ya ndani!» akanifokea. «Ile ya mwenye kukosa phonie njo unaitoa mbele ya yote, unaiweka kando. Kisha unasoma ile inabakia. Ye ule wa ndani hana njia ingine.»

Madereva wetu walikuwa wanafanya vilevile. Simu ikifa, unampa mwenzako ujumbe wako, naye kwa heshima anauweka na mabano yake kamili, ndani ya mabano yake mwenyewe. Mtu mwema hawezi kufanya vingine. Na regex yangu yenye adabu, ile ya kusimama kwenye bano la kwanza la kufunga, ilikuwa inaanzia kwenye bano la Ilunga na kusimama kwenye bano la mgeni wake. Skrini inachukua jina la kwanza, mahali, hali ya gari, na kutupa yanayofuata. Mgeni anatupwa.

Nikafuta mstari wangu nikaandika mwingine. Uandikeni mahali, nawaomba:

/\(([^()]*)\)/

Badala ya nukta, inayokubali kila kitu, nimeweka [^()], yaani herufi yoyote isipokuwa mabano. Kile kikofia, ^, kikikaa mwanzoni mwa mabano ya mraba, maana yake ni kukataa. Sasa programu haiwezi kupata jozi yenye jozi nyingine ndani yake. Inalazimika kushika ile ya ndani kabisa kwanza, kama alivyotaka Papa Delphin. Ukiishaishika, unaiweka kando, unaifuta kwenye maandishi, unarudi tena. Ile ya nje sasa haina mabano mengine ndani, inashikika nayo. Unazunguka mpaka hakuna kitu:

let m;
while ((m = ndani.exec(maandishi)) !== null) {
  ujumbe.push(m[1]);
  maandishi = maandishi.replace(m[0], " ");
}

Hapa ndani ni ule mstari wa juu, na mwangalie, sikuweka g. Ukiweka g, exec inakumbuka ilipoishia na kuanza kutafuta kuanzia pale, nawe umeshayabadilisha maandishi chini ya miguu yake, itaruka vitu. Bila g inaanza upya kila mara, tangu mwanzo. Kwa kazi ya kumenya namna hii, unataka ianze upya.

Chef Trésor alikuwa amesikia kiti changu kikigonga ukuta, akaja mbio. Nikaendesha.

Skrini ilitingishika ikajaa mistari mipya. Ilikuwa habari za watu waliobebwa na wenzao, zilizokuwa zimelala mle ndani muda wote: dereva mmoja anaomba kipuri Kasumbalesa, mwingine anasema mizani imemzuia. Chef Trésor alianza kuguna kwa kila mstari. Kisha kidole cha Maman Georgette kikapita juu ya bega langu kikagusa kioo.

Kalenga, Sakania nyuma ya stesheni kwa mama Béatrice, gari iko foleni mimi homa siwezi kusimama.

Hakuwa amevuka. Hakuwa Ndola wala wapi. Alikuwa Sakania, nyumba ya kupanga nyuma ya stesheni ya reli, na alikuwa amesema hivyo waziwazi, kwa utaratibu alioutunga yeye mwenyewe uwanjani, jina, mahali, hali. Ilunga alikuwa ameufikisha ujumbe wake kwa uaminifu kabla ya kuvuka mpaka. Sisi ndio tuliokuwa hatujaufungua.

Chef Trésor alishika simu kwa mikono miwili. Akampigia yule wakala wetu wa Sakania, mwenye pikipiki. Sijawahi kumsikia chef akiongea kwa sauti ndogo namna ile. «Ndugu, acha yote. Nyuma ya stesheni, kwa maman Béatrice, bantu bote pale banamujua. Mutafute Kalenga. Ukifika unipigie, usinitumie message, unipigie!»

Tukangoja. Maman Georgette sasa alikaa, akavua ule utepe shingoni, akaukunja na kuukunjua, akaukunja tena. Mimi sikuweza kufanya lolote, nilikuwa naangalia tu ile programu kana kwamba itaongeza kitu. Mfagizi alikuja akasimama mlangoni, wa uhasibu wakaja, mlinzi wa geti akaliacha geti lake.

Simu ikaita. Chef akasikiliza, akafunga macho, akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kisha akamgeukia yule mama, na lile jitu lililokuwa linatutisha sote likawa na machozi mpaka kwenye masharubu.

«Eko muzima, Maman. Iko malaria, imemushika sana, lakini eko muzima. Banamupeleka kwa monganga, ku hospitali, na pikipiki, maman Béatrice amemushika nyuma asianguke. Monganga anamungojea na sérum ya mu mushipa.»

Kelele zilizopigwa ofisini siku ile zilisikika barabarani, watu wakadhani kumezaliwa mtoto. Maman Georgette alinikumbatia kwa nguvu mpaka miwani yangu ikaanguka tena, na safari hii ikavunjika kweli. Sikuiokota. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na nilikuwa najivuna, wanangu, sitawaficha. Nilijivuna kwa sababu ya herufi chache zilizokaa sawasawa.

Nimefanya programu kubwa kuliko ile. Nimetengeneza kurasa za kupendeza ambazo wakurugenzi walizipiga picha. Hakuna hata moja ninayoikumbuka kwa moyo. Ninyi mtapewa vifaa ambavyo mimi sikuviota, na vingine vitawaandikia hizi regex zenyewe kabla hamjamaliza kuuliza. Vitumieni. Lakini hakuna kifaa kitakachowaambia kwamba dereva wa Katanga hamwachi mwenzake aliyekosa betri. Hilo mtalijua kwa kumwuliza fundi wa kushona wa Kamalondo jinsi mume wake anavyomsalimia.

Maman Georgette hakwenda Sakania, kwa sababu daktari alisema Kalenga atarudi na gari la wenzake akipata nguvu. Lakini kila siku akawa anakuja ofisini kabla ya kufungua cherehani yake, anasimama mbele ya skrini. Siku za kwanza mstari wa mume wake ulikuwa unaandikwa na wakala wetu, kwa Kifaransa kizuri cha ofisini, anaendelea vizuri, joto limepungua. Mama alisoma, akashukuru, akaondoka na wasiwasi uleule. Alisema maneno mazuri namna hiyo watu huyaandika hata kwa mtu aliyekwisha kufa.

Mpaka asubuhi moja nilipofungua programu, yeye kandoni mwangu, mstari ukawa umebadilika. Umetoka simu ya Kalenga mwenyewe, betri imepatikana sijui kwa nani: Kalenga, Sakania hospitali, nimekula bukari yote na samaki nimeomba ingine banakatala.

Alisoma mara moja, mpaka kwenye ule ugali. Akapiga vigelegele mle ofisini, kimoja kirefu, mkono mdomoni. Kisha akaweka utepe wake shingoni, akajifunga vizuri kitenge chake, akaelekea mlangoni.

«Njo yeye mwenyewe,» akasema. «Naenda kushona.»